Klachi ya Haidroliki na Stata Isiyoitika: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Vipuri

Mwenye pikipiki kubwa ya safari ndefu anapoipeleka gereji kwa sababu haiwaki, si ajabu arudi nyumbani na hesabu ya betri mpya, stata mpya, na wakati mwingine pleti mpya za klachi. Huenda vyote hivyo vilihitajika. Huenda pia tatizo lote lilikuwa swichi ndogo iliyo chini ya mkono wa klachi, au mafuta ya zamani ambayo hayajabadilishwa tangu pikipiki ilipoingia nchini. Tofauti ya gharama kati ya hali hizo mbili ni kubwa mno, na mtumiaji asiyejua mfumo unavyofanya kazi hana namna ya kuuliza swali la maana kabla ya kulipa.

Tunazungumzia pikipiki kama Yamaha FJR1300, Honda Gold Wing ya injini ya sentimita za ujazo 1800, na BMW za mfululizo wa RT: mashine nzito zilizoundwa kubeba watu wawili na mizigo yao kwa mamia ya kilomita. Hazifanani na pikipiki ya bodaboda, ambayo klachi yake huvutwa kwa kebo ya chuma na ambayo, betri ikifa, huwashwa kwa kiki. Pikipiki hizi kubwa hazina kiki. Stata ikikataa njiani kati ya Mtito Andei na Voi, dereva amebaki na mzigo wa chuma ambao watu wawili wenye nguvu huusukuma kwa shida.

Mkono unapovutwa, nini hutokea

Kazi ya klachi ni kukata na kuunganisha nguvu kati ya injini na gia. Katika injini kubwa, springi za klachi ni ngumu, na kuzishinda kwa kebo siku nzima kungeuchosha mkono wa dereva. Kwa sababu hiyo, watengenezaji huweka kwenye usukani silinda kuu yenye kikopo kidogo cha mafuta. Mkono wa klachi ukivutwa, pistoni husukuma mafuta kupitia bomba jembamba hadi kwenye silinda ya chini, iliyofungwa kwenye injini au kwenye gia. Silinda hiyo nayo husukuma ufito unaoziachanisha pleti.

Mfumo huu una sifa nzuri: pleti zinapolika, wenyewe hujirekebisha, na dereva hahitaji kukaza wala kulegeza chochote. Lakini sifa hiyo hiyo huficha ugonjwa. Mwenye klachi ya kebo huiona kebo ikichakaa uzi baada ya uzi. Mwenye klachi ya haidroliki huhisi mkono uleule kila asubuhi, mpaka siku mafuta yanapokataa.

Katika pikipiki nyingi, mafuta yanayotumika hapo ni yale yale ya breki, na mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi kilichowekwa na kiwango hicho, yanaruhusiwa kuchemka kuanzia nyuzi 155. Pikipiki inayolala Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, isitarajie mafuta yake yakae salama kwa muda mrefu kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Watengenezaji wengi hupendekeza yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama pikipiki haikutembea. Kwa kweli ile iliyosimama bila kutembea ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi.

Silinda ya chini ndiyo huathirika kwanza. Iko mahali pa chini, karibu na joto la injini, na uchafu wote hutuama humo. Maji huanzisha kutu, kutu hukwaruza mpira wa sili, na sili ikikwaruzwa mafuta huanza kuvuja. Mtu anayefungua kikopo cha juu na kuona mafuta ya rangi ya asali huridhika, kumbe chini kuna tope jeusi. Kwa hiyo maneno ya muuzaji kwamba “mafuta yako sawa, angalia mwenyewe” hayathibitishi mengi.

Kifuniko cha kikopo kina neno la kusoma

Kabla ya tone lolote kuongezwa, soma maandishi yaliyo juu ya kifuniko. Pikipiki nyingi za Kijapani huandikwa DOT 4. Lakini BMW R1200RT zilizoanza kuuzwa mwaka 2005 zilikuja na klachi inayotumia mafuta ya madini, si mafuta ya breki, ingawa breki za pikipiki hiyo hiyo hutumia DOT 4. Mtangulizi wake, R1150RT, ilitumia mafuta ya breki kwenye klachi. Fundi aliyezoea moja anaweza kukosea nyingine kwa nia njema kabisa, na matokeo yake ni mipira ya sili kuvimba au kulainika hadi silinda zote mbili zihitaji kubadilishwa. Mafuta ya silikoni yanayoitwa DOT 5 nayo hayachanganywi na DOT 4, licha ya namba kufuatana.

Nunua chupa ndogo iliyofungwa, na uifungue wewe au ifunguliwe mbele yako. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji kwa miezi imeshaanza kunywa maji. Ikumbukwe pia kwamba mafuta ya breki huharibu rangi; kitambaa chenye maji kiwe karibu.

Kuburuta si kuteleza

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Klachi inayoteleza ni ile ambayo injini hupanda mzunguko lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani au wakati wa kulipita lori. Sababu ya kawaida ni pleti zilizolika, au mafuta ya injini yasiyofaa. Pleti za pikipiki nyingi huogelea ndani ya mafuta ya injini, kwa hiyo mafuta hayo yanapaswa kuwa na alama ya JASO MA; yale ya magari yenye viungo vya kupunguza msuguano huzifanya ziteleze. Mara chache, kuteleza husababishwa na tundu dogo la kurudishia mafuta ndani ya silinda kuu likiwa limezibwa na uchafu, hivyo presha inabaki hata mkono ukiachiwa.

Klachi inayoburuta ni kinyume chake: mkono umevutwa mpaka mwisho, lakini nguvu haikatiki. Gia huingia kwa kishindo, nyutro haipatikani kwenye taa za barabarani, na pikipiki hutaka kusonga yenyewe. Dalili hizi huelekeza kwanza kwenye mafuta, hewa ndani ya bomba, au sili. Pleti zilizopinda hufuata baadaye. Fundi anayetaka kubadilisha pleti kwa sababu klachi inaburuta anaweza kuwa sahihi, ila ana wajibu wa kueleza alivyoondoa uwezekano wa yale ya bei nafuu.

Kuna jaribio lisilohitaji chombo chochote. Vuta mkono wa klachi haraka mara tano au sita. Ikiwa ulikuwa laini kama sifongo na sasa umekuwa mgumu, kuna hewa, au silinda kuu imechoka. Kisha ushikilie ukiwa umevutwa kwa dakika moja. Ukizama polepole kuelekea usukani, mafuta yanapita mahali yasipotakiwa kupita. Ukiwa mgumu na thabiti wakati wote, lakini klachi inaburuta asubuhi tu injini ikiwa baridi na kupona baadaye, yaelekea pleti zimeshikana kwa mafuta mazito, na haidroliki haina kosa.

Kwenye BMW za klachi kavu, kama R1150RT, kuvuja kwa silinda ya chini kuna hatari ya ziada: mafuta yanaweza kuifikia pleti yenyewe na kuiharibu, na kuitoa ni kazi ya kuligawa gari katikati, kama mafundi wanavyosema. Kiwango cha mafuta kikishuka kwenye kikopo bila tone kuonekana nje, usiongeze tu na kuendelea.

Stata na klachi hukutana wapi

Pikipiki nyingi za aina hii haziruhusu stata kuzunguka mpaka masharti fulani yatimie: gia iwe nyutro, au mkono wa klachi uwe umevutwa na stendi ya pembeni imekunjwa. Baadhi hudai klachi ivutwe kila mara. Kila sharti lina swichi yake, na kila swichi hupata vumbi, maji na kutu. Kwa hiyo stata inaweza kukaa kimya kabisa ilhali betri, rilei na stata yenyewe ni nzima.

Sikiliza kabla ya kulipa. Ukibonyeza na kusiwe na sauti yoyote huku taa za dashibodi zikiwaka vizuri, anza na swichi: ile nyekundu ya kuzima injini, ya stendi, ya klachi. Jaribu katika nyutro, kisha katika gia ya kwanza ukiwa umevuta klachi, breki ya mbele imeshikwa na mbele yako hakuna mtu. Ikiitika katika nyutro na kukataa katika gia, swichi ya klachi au ya stendi ndiyo mtuhumiwa. Ikiitika katika gia lakini pikipiki ikaruka mbele, au stata ikazunguka kwa kujikokota kuliko ilivyozunguka katika nyutro, klachi inaburuta. Stata inalaumiwa kwa kuivuta pikipiki nzima. Hali hii ya mwisho si usumbufu tu. Kwenye makutano, nyuma ya gari lililosimama, mruko wa nusu mita unatosha kumuumiza mtu.

Ukisikia “tak-tak-tak” na taa zikafifia, hilo ni suala la umeme. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kati ya volti 12.6 na 12.8. Stata inapozunguka, ikishuka chini ya volti 10, betri imechoka au muunganisho ni mbovu. Injini ikishawaka na kupandishwa mzunguko, usomaji unapaswa kuwa takriban volti 13.5 hadi 14.5, ukibaki kwenye 12, betri mpya nayo itakufa baada ya siku chache, kwa kuwa tatizo ni la kuchaji. Vipimo hivi vitatu huchukua dakika tano. Fundi anayeuza betri bila kuvifanya anakisia kwa fedha zako. Kabla ya yote, nyaya za betri na waya wa bodi zifunguliwe, zisafishwe na kukazwa.

Ikiwa stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki moto, klachi haihusiki. Hapo ni mafuta ya petroli, cheche au vihisi. Kusukuma pikipiki ya mfumo wa sindano za mafuta huku betri imekufa kabisa ni kujichosha, kwa sababu pampu ya petroli nayo hutaka umeme.

Haki zako mbele ya fundi na muuzaji

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na ya kupewa taarifa anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu mahususi kuhusu matengenezo ya magari, ikigusa makadirio ya gharama, idhini ya mteja na vipuri vilivyotolewa. Kwa vitendo, omba makadirio kwa maandishi kabla ya kazi, sema wazi kwamba hakuna kinachobadilishwa bila idhini yako, na dai urudishiwe vipuri vya zamani. Silinda ya chini iliyotolewa, ukiipasua mpira na kukuta tope na kutu, hueleza ukweli kuliko maelezo marefu. Stata ya zamani inaweza kupimwa kwa betri moja kwa moja na fundi mwingine.

Weka risiti inayotaja kazi na vipuri kimoja kimoja, si “matengenezo” kwa jumla. Mkishindwa kuelewana, barua ya malalamiko yenye tarehe na nakala za risiti ndiyo hatua ya kwanza, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 bila kukulazimisha kuwa na wakili.

Kwa anayenunua pikipiki iliyotumika, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwa kiganja. Ikiwa na joto, ahirisha hadi asubuhi nyingine. Injini baridi iwashwe katika nyutro, kisha izimwe na kuwashwa katika gia klachi ikiwa imevutwa. Baada ya safari fupi, zima injini, weka gia ya kwanza, vuta klachi na uisukume pikipiki kwa mikono: inapaswa kubingirika bila kukwama. Chungulia chini ya silinda ya chini kwa tochi, ukitafuta unyevu au rangi iliyobabuka. Kisha uliza mafuta ya klachi yalibadilishwa lini, na uombe risiti. Kama haipo, toa gharama ya mafuta mapya na ya sili za silinda zote mbili kwenye bei mnayojadili.