Anayekimbia ndoa ya mateso asirudishwe kwa sababu ya mahari

MWANAMKE wa Malindi au Kilifi anapokimbia ndoa ya mateso, aghalabu mlango wa kwanza anaoubisha ni wa wazazi wake. Hapo ndipo nusura yake huanza au hukwama.

Kwa mila za Wagiriama na Wamijikenda wengine, ndoa ikivunjika mume anaweza kudai arudishiwe mahari. Jamaa wasio na cha kulipa humsihi binti avumilie, naye hurejea kwa aliyemdhulumu.

Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu kuomba mahakama imzuie mume kumtisha au kumwandama. Mwislamu anaweza pia kudai talaka na haki zake mbele ya Kadhi.

Lakini agizo la korti halimlishi mtu. Anahitaji pa kulala, wa kumsindikiza polisi na hospitalini, wa kumwangalizia watoto akienda kibaruani, na chama cha kina mama cha kumkopesha mtaji. Ushauri hupatikana bila malipo kwa simu nambari 1195.

Wazazi wakimpokea bila kumsuta, deni la mahari litasubiri, uhai hausubiri.