Papasi wa Kasongo: Jina na Uthibitisho

Sayansi ina dhima gani katika jamii ya leo? Neno "papasi" latoa mfano. Ndilo jina la mdudu wa jamii ya kupe, ajifichaye mchana katika nyufa za nyumba za udongo na kuuma watu usiku. Alienea katika vituo vya misafara, kama vya njia iliyotoka Ziwa Tanganyika kupitia Kabambare hadi Kasongo.

Wenyeji wa sehemu kadhaa za Afrika walikwisha kumhusisha na homa. Uthibitisho ndio uliokosekana. Katika safari yao ya Kongo ya 1903–1905, madaktari J. E. Dutton na J. L. Todd kutoka Liverpool walionyesha kwamba papasi humwambukiza tumbili homa ya kurudiarudia, na kwamba hata papasi walioanguliwa punde huambukiza. Wote wawili waliugua. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Kimelea cha homa hiyo chaitwa *Borrelia duttonii*.

Hivyo basi, lugha ilikuwa na jina, majaribio yakaeleza sababu. Kinga nayo yaeleweka: kuziba nyufa na kuepuka kulala sakafuni. Lakini ujuzi huo hauna faida mpaka umfikie mwenye nyumba kwa lugha aielewayo.