Mbio za Milimani: Yanayopaswa Kuzingatiwa Kabla ya Kukimbilia Kileleni

Uwanda wa kati wa Tanzania una historia ndefu katika riadha. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda Marathoni ya Jiji la New York mwaka 1989 kwa kutumia saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo, Japani, Septemba 2025. Ushindi huo wote ulipatikana barabarani, ambako mkimbiaji hujua umbali uliobaki, hukuta maji katika vituo vilivyopangwa na huonwa na wasimamizi muda wote. Mbio za milimani ni mchezo wa namna nyingine, na asiyeitambua tofauti hiyo mapema huhatarisha maisha yake.

Kwa mkazi wa Dodoma, mojawapo ya milima mirefu iliyo karibu ni Hanang, mkoani Manyara, wenye urefu wa mita 3,420 kutoka usawa wa bahari. Mlima huo wa volkano iliyozimika umesimama peke yake juu ya mji wa Katesh, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Babati, na msitu wake ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Jiji la Dodoma lipo katika mwinuko wa takribani mita 1,100. Hivyo, aliyezoea kufanya mazoezi katika vilima vya mawe vinavyolizunguka jiji hilo atakuwa juu zaidi kwa takribani mita 2,300 atakapofika kilele cha Hanang.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba umbali pekee hauelezi ugumu wa mbio hizi. Kanuni inayotumiwa kimataifa huhesabu kila mita 100 za kupanda kuwa sawa na kilomita moja ya ziada kwenye tambarare. Kwa kanuni hiyo, njia ya kilomita 20 yenye mita 1,500 za kupanda humgharimu mkimbiaji nguvu za kilomita 35. Anayepanga maji, chakula na muda wake kwa kuangalia kilomita 20 pekee atajikuta ameishiwa vyote akiwa bado porini, pengine na giza likiingia.

Jambo la pili ni hewa na baridi. Katika mwinuko wa kilele cha Hanang, mgandamizo wa hewa ni takribani theluthi mbili ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, unaoweza kuanza katika mita 2,500 na kuendelea. Tiba yake ya kwanza ni kuacha kupanda, na hali ikizidi, kushuka bila kuchelewa. Aidha, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Aliyeanza akitokwa jasho bondeni anaweza kutetemeka kileleni.

Mwaka 2014, Karl Egloff alipanda na kushuka Mlima Kilimanjaro kwa saa 6 na dakika 42, safari ambayo wapandaji wengi huifanya kwa siku 5 hadi 8. Hata hivyo, Egloff ni mwongoza wapanda milima nchini Ecuador, na mwili wake ulikuwa umezoea miinuko mikubwa kwa miaka mingi. Kasi ya namna hiyo si kipimo cha kufuatwa na mtu anayetoka tambarare.

Jambo la tatu ni mteremko, ambao wengi huudhani kuwa sehemu ya kupumzikia. Wakati wa kushuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuuzuia mwili huku ikivutika, na kazi hiyo huichakaza kuliko kupanda. Miguu iliyochoka hujikwaa kwa urahisi, hasa penye mawe yaliyolegea au udongo wenye utelezi. Ndiyo maana mazoezi ya kushuka yanapaswa kuanza wiki kadhaa kabla ya mbio. Vilevile, kunywa maji mengi mno bila chumvi wala chakula kunaweza kupunguza kiwango cha chumvi katika damu hadi kufikia hatua ya hatari. Mkimbiaji anashauriwa kunywa kulingana na kiu yake na kubeba chakula chenye chumvi.

Hatari kubwa zaidi ni mabadiliko ya ghafla ya hali ya hewa. Tarehe 22 Mei 2021, katika Jimbo la Gansu nchini China, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 katika eneo la milima kame. Upepo mkali, mvua ya baridi na mawe ya barafu viliwakuta katika sehemu ya njia isiyofikika kwa gari, wengi wao wakiwa wamevaa nguo nyepesi. Watu 21 walipoteza maisha, wakiwamo wakimbiaji wenye uzoefu mkubwa. Mchungaji mmoja aliyekuwa eneo hilo aliwaokoa watu 6 kwa kuwaingiza katika pango na kuwawashia moto. Kwa waandaaji, funzo ni kwamba wananchi wanaoijua njia, wakiwamo wafugaji, wana nafasi muhimu katika mpango wa uokoaji.

Hanang nao una kumbukumbu yake. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa na kumeguka kwa sehemu ya mlima vilisababisha maporomoko ya matope na mawe yaliyoukumba mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walifariki dunia. Kwa sababu hiyo, kipindi cha kiangazi, hasa kati ya Juni na Septemba, ndicho kinachofaa zaidi kwa mbio, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hauna budi kuangaliwa hadi asubuhi ya siku yenyewe. Mwandaaji anayeahirisha mbio kwa sababu ya mvua anatimiza wajibu wake.

Wanaokusudia kuandaa mbio wanapaswa kuwasiliana mapema na Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, pamoja na Riadha Tanzania. Iwapo njia inapita ndani ya msitu wa hifadhi, kibali cha TFS kinahitajika. Ndani ya hifadhi za taifa, mamlaka husika ni TANAPA.

Kwa upande wake, mkimbiaji anashauriwa kupima afya, kutokwenda peke yake, kutumia mwongozaji anayeufahamu mlima, na kubeba koti la mvua, nguo ya joto, tochi, filimbi na simu yenye chaji. Aidha, ni vyema apange saa ya kugeuza na kumwachia taarifa hiyo mtu aliyebaki chini. Ikifika saa hiyo kabla ya kilele, ageuze. Panapotokea dharura, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.