Alilipwa kwa hisa badala ya mshahara, akaishia kumiliki kiwanda

Kila tunapokaa na wateja wetu wenye biashara za familia, iwe ni duka, kinyozi ama hoteli, kuna swali halikosi: nani ashike simu ya malipo? Baba? Kifungua mimba? Yule binamu aliyekuja juzi kutoka ushago? Swali huonekana dogo hadi siku hesabu zinapokataa kuingiana.

Kuna familia moja ya Kiyahudi huko Marekani, akina Herzog, ambayo kwao swali hilo ndilo biashara yenyewe. Wanatengeneza mvinyo wa kosheri, yaani unaoruhusiwa na sheria za dini yao. Zabibu zao hazina tofauti kubwa na za jirani. Kinachotofautisha ni mikono. Tangu zabibu zinapopondwa hadi chupa inapofungwa, wanaoruhusiwa kushughulikia mvinyo ni Wayahudi wanaoshika Sabato pekee. Mgeni akifungua bomba la tangi kwa kutojua, mvinyo huo unaweza kupoteza hadhi ya kosheri hata kama ladha ni ile ile.

Na sheria haimjali mwenye mali. Wako wamiliki wa viwanda vya kosheri ambao wenyewe hawashiki Sabato, kwa hivyo hawagusi mapipa waliyonunua kwa pesa zao. Husimama kando wakingoja mfanyakazi awamiminie cha kuonja.

Sasa mhudumu wa hoteli asiye Myahudi atamimina vipi? Kuna njia. Mvinyo ukipashwa moto, siku hizi kwa sekunde chache tu kisha unapozwa haraka, huitwa mevushali, maana yake uliopikwa, na hapo yeyote anaweza kuufungua. Ule ambao haujapikwa, ukipitia mikono ya wengine safarini, hufungwa kwa mihuri miwili. Mmoja ukivunjwa, mpokeaji ataona.

Hapo tulicheka kidogo, maana ndilo jambo tunalowaambia kila siku. Jina linalotokea kabla hujatuma pesa ni muhuri wa kwanza, PIN ni wa pili. Mtu mwingine akiijua PIN yako, hata awe mwanao, muhuri ushavunjika. Pesa ikipotea, rekodi itaonyesha ni wewe uliyetuma.

Lakini kilichotushika zaidi ni jinsi familia hii ilivyokipata kiwanda chake. Mababu walitengeneza mvinyo huko Slovakia, na familia husimulia kwamba Mfalme Franz Josef aliupenda hadi akampa mmoja wao cheo cha baroni. Vita Vikuu vya Pili vikaja, wakapoteza biashara na kuishi mafichoni. Vita vilipoisha, Eugene Herzog aliirudisha, kisha mwaka 1948 wakomunisti wakashika serikali na akaipoteza tena. Akaenda New York akiwa na familia ya kulisha.

Alipata kazi katika kampuni ndogo ya mvinyo wa kosheri, Royal Wine. Alikuwa dereva, muuzaji na mtengenezaji mvinyo, yote mtu mmoja. Kampuni ilikuwa na shida ya pesa, ikawa inamlipa kwa hisa. Hebu jiweke mahali pake: mwisho wa mwezi unapewa karatasi, na mwenye nyumba hataki karatasi, anataka kodi. Kufikia 1958 karatasi zile zilikuwa zimemfanya mwenye hisa nyingi kuliko wote, na kampuni ikawa ya familia yake.

Hatusemi ukubali kufanya kazi bila mshahara. Kampuni nyingi zikiishiwa hufa, na hisa zake hufa nazo. Tunachotaka uone ni kwamba deni la Eugene liliandikwa. Kwetu ni wangapi wanafungua duka la mama saa kumi na moja asubuhi, miaka nenda miaka rudi, wakiambiwa tu "hii yote ni yenu"? Siku mama akiondoka, till inapatikana iko kwa jina la mjomba, na pesa zote za mauzo zilikuwa zikiingia kwenye laini yake pamoja na za harambee na za karo. Hapo hata mjomba mwaminifu hawezi kuonyesha ipi ni yake na ipi ni ya duka.

Akina Herzog waliendelea. Mwaka 1985 walianza mvinyo wa Baron Herzog huko California, jina likikumbusha kile cheo cha babu, na mwaka 2005 wakafungua kiwanda kipya mjini Oxnard, chenye mkahawa wake. Bado ni biashara ya familia.

Kama bado unauza kwa laini yako ya kibinafsi, piga simu kwa huduma kwa wateja uulize jinsi ya kupata till ya biashara. Kabla hamjajaza fomu, kaeni chini kama familia mkubaliane jina la nani litaandikwa, nani atapokea meseji za malipo na nani ataruhusiwa kutoa pesa. Muandike, kila mtu aweke sahihi, na kila mmoja abaki na nakala.