Je, Wajua? Sindano ya Amani na Ukoo wa Muhogo

Je, wajua kwamba fumbo moja kubwa la virusi vya mimea lilifumbuliwa kwa ncha ya sindano katika Milima ya Usambara? Mwingereza Harold Haydon Storey alikuwa ameonyesha mwaka 1925, huko Afrika Kusini, kwamba ugonjwa wa michirizi ya mahindi huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa majani. Baadaye, katika kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara, akaona jambo la ajabu: wadudu wa aina moja wanafyonza mimea ileile yenye ugonjwa, lakini baadhi yao hawaambukizi kabisa. Aliwazalisha, akagundua kuwa tabia hiyo hurithiwa. Kisha akamchukua yule asiyeambukiza, akamtoboa tumbo kwa sindano nyembamba, na mdudu huyo akaanza kueneza ugonjwa. Kumbe kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo: virusi vikishindwa kuupenya, haviwezi kufika kwenye mate. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1933, na mimi sijui jaribio la kilimo lililo rahisi na zuri kuliko hilo.

Ni Storey pia aliyeueleza kwa mara ya kwanza kisayansi, mwaka 1936, ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya muhogo. Ugonjwa mwingine wa muhogo, batobato, ambao hukunja majani na kuyatia mabaka ya njano, ulikuwa umeshaelezwa na Mjerumani Warburg mwaka 1894. Lakini huu wa michirizi ni mkatili zaidi, kwa sababu shamba laweza kuonekana lina afya. Mkulima anang'oa, anakata muhogo, ndani anakuta madoa ya kahawia, makavu na magumu, yasiyolika.

Dawa ya kuuponya mmea wenye virusi haipo, na kwa kuwa muhogo hupandwa kwa pingili, ugonjwa husafiri pamoja na mbegu yenyewe. Storey na mwenzake Nichols wakatafuta kinga ndani ya ukoo wa muhogo. Waliipata katika mti wa mpira uitwao kitaalamu Manihot glaziovii, ndugu wa muhogo. Chotara wa kwanza walistahimili magonjwa, ila mizizi yao haikufaa chakula. Ikabidi wazao warudishwe kwa muhogo, kizazi hadi kizazi, mpaka mara tatu, ili mizizi inone na kinga isipotee. Hiyo ni kazi ya miaka mingi, na Nichols hakuishi kuuona mwisho wake.

Je, wajua mbegu za chotara hao zilifika wapi? Nyingine zilipelekwa Nigeria, ambako mmea mmoja uliotokana nazo, namba 58308, ukawa mzazi wa aina bora zilizozalishwa Ibadan kuanzia miaka ya 1970. Mojawapo, TMS 30572, ilipandwa Uganda kwa jina la Migyera au Nase 3 pale batobato kali lilipoangamiza mashamba katika miaka ya 1990.

Pwani ya Kenya wakulima wanaijua aina ya muhogo iitwayo Kaleso, ambayo asili yake ni chotara wa Amani. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa ndiyo hiyohiyo Namikonga ya Tanzania, na watafiti wanaopambana na michirizi ya kahawia bado wanaitumia kama mzazi.