Istilahi ya Programu ya Kupangia Muziki

Programu ya kupangia muziki katika kompyuta ya nyumbani haistahili kuitwa kinasa sauti. Kinasa sauti huhifadhi mlio uliokwisha kupigwa. Kazi ya programu hii ni kuhifadhi maagizo: nota ipi ipigwe, lini, na kwa nguvu gani.

Istilahi mbili zashindana: kifuatanishi na kipanganota. (Kipanganoti tumeliacha, lisije likadhaniwa la benki.) Kifuatanishi lingeifaa Ultimate Soundtracker, aliyoitunga Karsten Obarski mwaka 1987 kwa kompyuta ya Amiga. Humo nota huandikwa katika kurasa za mistari 64, na kompyuta huisoma mistari hiyo kutoka juu hadi chini, ikipiga njia nne za sauti kwa pamoja.

Lakini katika miaka hiyo ya 1980 ilitokea pia programu ya majaribio iitwayo M, ya David Zicarelli na wenzake, kwa kompyuta ya Macintosh. Mtumiaji huipa nota chache. Yenyewe huzichanganya kwa bahati nasibu, kwa kadiri aliyoiruhusu, naye huiongoza papo hapo inapopiga. Hapo ufuatano wa awali hauna hakika tena. Kupanga kungalipo, ila mtu na mashine wamegawana kazi hiyo. Kwa hiyo twapendekeza kipanganota.