Acha Kuniuliza Wati

"Fundi, sebule yangu niiwekee taa ya wati ngapi?" Swali hili naletewa na wenye nyumba mpya, na wapangaji, hata na mafundi wenzangu. Jibu langu ni lile lile: umeuliza kisichohusika. Wati hupima umeme ambao taa inakula, si mwanga inaoutoa. Kuchagua taa kwa wati ni kumsifu mpishi kwa wingi wa mkaa alioteketeza.

Najua imani hii ilikotoka. Zama za glopu za waya, zote zilikuwa za aina moja, hivyo ya wati 100 iliishinda ya 60, na ya 60 ikaishinda ya 40. Wati zikageuka kipimo cha mwanga, ingawa zaidi ya asilimia 90 ya umeme huo uliishia kuwa joto. Zama hizo zimepita. Glopu ya wati 60 ilitoa mwanga wa lumeni kama 800, na lumeni ndicho kipimo halisi cha mwanga, na leo taa ya LED ya wati 8 au 9 inatoa hizo hizo. Zaidi ya hapo, LED mbili za wati sawa, bei tofauti, zinaweza kupishana sana kwa mwanga. Lakini mteja akiona "9" kwenye boksi anaidharau, anabeba ya wati 30, anaifunga katikati ya chumba cha kulala, kisha analalamika kwamba macho yanamuuma. Yataachaje kuuma?

Wengine wakishaelewa hilo hukimbilia kosa jingine: "Basi nipe nyeupe, ndiyo yenye nguvu." Hapana. Weupe ni rangi ya mwanga, na hupimwa kwa kelvini. Taa ya kelvini 6,500 na ya kelvini 2,700 zikiwa na lumeni 800 kila moja, zinatoa mwanga uleule kwa wingi. Moja inaelekea buluu, nyingine manjano. Hiyo ya kwanza ndiyo inayozifanya sebule nyingi zifanane na duka la dawa.

Soma boksi hivi. Tafuta lumeni kwanza, kelvini baadaye, kisha namba ya Ra, yaani uaminifu wa rangi: isipungue 80, na jikoni ikifika 90 nyanya itaonekana nyanya. Wati zisome mwisho, kwa ajili ya umeme wa LUKU tu.

Sasa hesabu. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Kwa mazungumzo na televisheni, lumeni 150 kwa kila mita ya mraba zinatosha, yaani 3,000. Kuta na vifuniko vya taa humeza sehemu, kwa hiyo nunua kama 5,000. Kuta zikiwa za rangi iliyokoza, ongeza. Lumeni 5,000 ni kama balbu 6 za lumeni 800, na zisirundikwe mahali pamoja: nyingine darini, nyingine ukutani, moja kando ya kiti cha kusomea, kila kundi na swichi yake.

Jikoni, taa ya katikati ya dari inamulika mgongo wako na kukuachia kivuli kwenye ubao wa kukatia. Weka taa ya mkanda chini ya kabati. Kioo cha bafuni kimulikwe kutoka pande mbili, si juu. Chumbani tumia kelvini 2,700 hadi 3,000. Kwenye ngazi weka swichi mbili, chini na juu. Ukitaka swichi ya kupunguza mwanga, hakikisha balbu imeandikwa kwamba inaikubali.

Na yote haya yaamuliwe kwenye mchoro, kabla ukuta haujapigwa lipu. Baada ya lipu, kila taa unayoihamisha inadai patasi, saruji, rangi upya na malipo ya fundi mara ya pili.